Jinsi ya Kutambua Zana za Kale

Baadhi yetu tumelelewa katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994. Twajua kwamba seremala asiye na zana ni kama mkulima asiye na jembe. Zana mpya zilizo imara ni ghali, na za rahisi hupinda upesi. Lakini mjini Lilongwe, hasa Biwi penye karakana nyingi, zana kuukuu huonekana katika marundo ya chuma chakavu, zikiuzwa kwa bei ndogo kwa kuwa zina kutu. Nataka kueleza namna ya kuchagua zilizo njema.

Nchi hii ilikuwa chini ya Waingereza, ikiitwa Nyasaland, mpaka mwaka 1964. Wamisheni walifundisha useremala na uashi. Kanisa kubwa la Blantyre, lililojengwa kati ya 1888 na 1891, ni kazi ya mikono ya wenyeji. Basi si ajabu kukuta hapa zana za Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa pua.

Kwanza, soma maandishi. Sugua kutu kwa kitambaa. Patasi yenye maneno CAST STEEL ni ya pua iliyoyeyushwa katika vyungu, kwa njia iliyoanzishwa na Benjamin Huntsman karibu na Sheffield katika miaka ya 1740. Pua hiyo hushika makali sana. Randa yenye jina BAILEY hufuata mtindo wa Leonard Bailey, Mmarekani. Haki za uvumbuzi wake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Lakini jina peke yake halitoshi.

Pili, chunguza mwili. Kutu ya juu ni vumbi tu. Ufa ndio ugonjwa. Randa iliyopasuka karibu na mdomo iache. Tazama kama kisu chake kingali kirefu. Geuza patasi: vishimo vya kutu upande wa bapa, karibu na makali, vitakusumbua kila unoapo. Msumeno uinue, ufumbe jicho moja, utazame kama umenyooka.

Tatu, safisha kwa subira. Loweka chuma katika siki usiku mmoja, sugua, osha, kausha mara moja, kisha paka mafuta. Unoapo kwa jiwe la mashine, chovya chuma majini mara kwa mara. Kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umetoka.

Nne, na hili ndilo kubwa, nunua kwa haki. Mara nyingine muuzaji ni mjane auzaye zana za marehemu mumewe. Kupatana bei ni desturi ya soko. Lakini kumwambia kwamba randa njema ni takataka, hali wajua kwamba itakulisha miaka ishirini, ni kumnyang'anya. Mimi humwonyesha muuzaji maandishi kabla ya kutaja bei. Pengine hupandisha, nami hulipa zaidi kidogo. Hata hivyo bado ni nafuu kuliko mpya ya dukani, nami hulala vizuri.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Chini ya kutu hakijiuzi. Chahitaji mtu ajuaye kutazama, tena asemaye kweli.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne