Ukifungua Breki za Land Rover ya Zamani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Barabara ya Kawambwa kwenda Mbereshi inateremka kutoka uwanda wa juu hadi bonde la Luapula, Zambia, na kimo kinachopotea kabla ya kufika Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kinazidi mita 300. Land Rover nyingi za Series II na IIA, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1971, zina mzunguko mmoja tu wa breki: masta silinda moja, mafuta yale yale, matairi yote manne. Raba ya silinda ya tairi moja ikiachia, pedali inazama hadi chini na hakuna tairi hata moja linaloshika. Kwa hiyo katika gari la namna hii hakuna breki iliyotengenezwa nusu. Maagizo haya ni kwa mafundi wa Nchelenge na Kashikishi, na kwa wenye magari wanaowaharakisha.

Usiinue gari kwa kutegemea breki ya mkono. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki matairi. Inashika dramu iliyoko nyuma ya giaboksi, pale inapoanzia propela shafti. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lile la chini kubingirika upande wa pili, na gari linatoka juu ya jeki huku breki imevutwa hadi mwisho. Zuia matairi yaliyobaki chini kwa magogo, mbele na nyuma. Karibu na ziwa ardhi ni mchanga, basi tandika ubao mnene chini ya jeki, na gari likishainuka likalie stendi au magogo mapana. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingize mwili chini ya gari linalokalia jeki.

Usipulize vumbi la dramu, kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na saratani inayoletwa nalo huonekana baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati fundi ameshasahau gari lenyewe. Lowesha dramu na viatu kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kisha kitambaa na lainingi kuukuu vitie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge na uvifukie. Watoto wanaokaa gereji kutazama kazi waondoke kabla dramu haijafunguliwa. Hili nalisema kwa uchungu, maana ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Badilisha viatu vya ekseli nzima. Kiatu kipya kulia na kikuukuu kushoto vitalivuta gari upande mmoja kila unapokanyaga. Lakini usivunje pande zote mbili kwa pamoja: acha upande mmoja mzima uwe kielelezo cha namna springi zinavyokaa, umalize wa kwanza ndipo uende wa pili. Kama lainingi zimepigwa ribiti, vichwa vya ribiti viwe vimezama chini ya uso wa lainingi. Vikilingana nao, vitaichimba dramu.

Usifunge viatu vipya kabla hujajua mafuta yalitoka wapi. Lainingi iliyolowa oili au grisi haifai tena, hata ukiichoma moto au kuiosha mara ngapi. Tafuta oili sili ya hubu iliyochoka, au silinda inayovuja, umalize hiyo kwanza.

Usiisugue silinda kwa msasa ukaihesabu kuwa mpya. Chomoa pistoni, futa ndani ya silinda kwa spiriti, mulika kwa tochi. Kama imeng'aa sawasawa, weka raba mpya, zikiwa zimepakwa mafuta safi ya breki. Kama kuna vishimo vya kutu, silinda hiyo itupwe. Msasa utaondoa wekundu wa kutu na kuacha shimo, na raba mpya itakatika hapo hapo. Angalia pia upande wa silinda kabla ya kuifunga, kwa kuwa baadhi zina za kulia na za kushoto.

Wala petroli na dizeli zisiguse raba. Zinaivimbisha.

Usitie kitu chochote badala ya mafuta ya breki. Siyo oili ya injini, siyo mafuta ya giaboksi ya otomatiki, siyo mafuta ya kupikia, siyo maji ya sabuni. Oili ya madini inaingia ndani ya raba na kuivimbisha mpaka pistoni zinakwama, na hapo kumwaga na kutia mafuta mapya hakusaidii: raba zote za mfumo mzima, pamoja na mipira inayokwenda matairini, zinatakiwa kutupwa. Maji yanachemka kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi, na dramu katika mteremko inapita joto hilo upesi. Kinachochemka kinakuwa mvuke, mvuke unabanwa kama upepo, na pedali inakuwa laini dereva anapoihitaji zaidi.

Tumia DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. DOT 3 mpya inachemka kwenye joto lisilopungua 205, lakini inavuta unyevu wa hewa, na ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kipimo chake kinashuka hadi 140. Masika ya Luapula ni marefu na ziwa liko mlangoni. Basi usinunue mafuta yaliyokwisha kufunguliwa, na kopo lililobaki wazi gereji tangu mwaka jana limwagwe. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo mbili.

Usizibe tairi. Nazungumzia ile kazi ya kukunja paipu ya breki na kuigonga nyundo, au kuweka gololi kwenye kiungio, ili tairi linalovuja lisitumie mafuta na gari liendelee kwenda. Anayefanya hivyo anamwambia mwenye gari kwamba breki zimepona, kumbe amebakiza matairi matatu yanayovuta gari kombo, na paipu iliyopondwa inayosubiri kupasuka. Kama spea haipo, gari lisimame. Litakaa mpaka spea itoke Kitwe, Lusaka au Lubumbashi, na samaki wapakiwe kwenye gari jingine. Najua hasara ya siku hizo inamwangukia nani. Hata hivyo lisimame. Vivyo hivyo paipu iliyooza haiungwi kwa kipande cha mpira na klipu. Inabadilishwa kuanzia kiungio hadi kiungio.

Toa upepo kwa mpangilio. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la Zambia, usukani ukiwa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Gari lililovuka kutoka Kilwa au Pweto, upande wa Kongo, huwa na usukani wa kushoto, basi anza nyuma kulia. Msaidizi akanyage polepole, wala asiachie pedali kabla hujafunga skrubu ya kutolea upepo. Kopo linalolisha masta silinda lisikauke hata mara moja; likikauka, rudi mwanzo. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe koponi.

Rekebisha viatu kwa mkono. Breki hizi hazijirekebishi zenyewe. Kaza mpaka tairi ligome, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Katika Land Rover ndefu, ile ya 109, matairi ya mbele yana pa kurekebisha pawili kila moja. Ukisahau pa pili, umerekebisha kiatu kimoja tu. Pedali nayo iwe na mchezo mdogo kabla ya kuanza kusukuma pistoni ya masta silinda. Isipokuwa nao, tundu la kurudishia mafuta litabaki limezibwa, na breki zitajikaza zenyewe zikipata moto.

Usilioshe gari kwa kuliingiza ziwani kisha ukaondoka kwa kasi. Maji yanaingia ndani ya dramu na lainingi zilizolowa hazishiki. Nenda polepole ukiwa umekanyaga kidogo mpaka breki zikauke, ndipo uingie barabarani.

Usikabidhi ufunguo bila kumpangia mwenye gari tarehe ya kurudi. Lainingi mpya hazijakaa sawa na dramu. Zikishajisugua kwa kilomita mia chache, nafasi inaongezeka na pedali inashuka. Andika kwenye risiti siku ya kurudi kurekebisha, umweleze kwa mdomo pia, na umwonyeshe alama ya kiwango cha mafuta kwenye kopo la masta silinda, ili kikishuka kabla ya siku hiyo aegeshe gari na kukuita.