Ichore Segera kwa Macho Yako: Mwongozo kwa Mchangiaji Mpya wa Ramani Huria

Kwa wakazi wa Segera na vijiji jirani vya Handeni na Korogwe

KWA NINI TUMETOA KIJITABU HIKI

Malalamiko yamekuwa mengi. Kijana anajitolea, anaingiza maduka, visima na zahanati kwenye ramani ya OpenStreetMap, kisha anakuta kazi yake imefutwa. Anaona amedhulumiwa. Hakudhulumiwa. Alinakili kutoka Google Maps, na hilo ni kosa.

RAMANI HURIA NI NINI?

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Programu inayoendesha tovuti yake nayo ni huria: msimbo uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Lakini huhitaji kujua kuandika programu ndipo uanze. Kuijua Segera kunatosha.

Wala usidhani hii ni kazi ya wageni. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam, wakachora kata zinazokumbwa na mafuriko: mitaro, vichochoro, nyumba. Watanzania tumeonyesha kwamba tunaweza, na tuna kila haki ya kujivunia.

ONYO KUU: USINAKILI

Tangu mwaka 2012 data za ramani hii hutolewa kwa leseni ya ODbL. Kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, mradi ataje chanzo na afuate masharti yake. Ramani ya Google ina mwenyewe. Ukichukua jina la duka kule ukalileta huku, umegawa mali isiyo yako, na mradi mzima unaweza kudaiwa. Ndiyo maana kilichonakiliwa hufutwa bila kubembelezana.

"Nilichungulia tu kuhakiki jina" si utetezi.

Kinachoruhusiwa ni ulichokiona mwenyewe, pamoja na picha za satelaiti za Bing zilizomo ndani ya programu ya kuhariri, kwa sababu Microsoft, kampuni yenye Bing, ilitoa ruhusa mwaka 2010.

Chukua mfano. Umesimama njia panda ya Segera, pale barabara ya kutoka Chalinze inapogawanyika, moja ikienda Muheza na Tanga, nyingine Korogwe na Moshi. Mbele yako kuna duka la dawa. Soma jina kwenye kibao, uliandike kama lilivyo. Soma saa za kazi zilizobandikwa mlangoni. Ukiulizwa umezitoa wapi, jibu unalo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Jisajili kwenye openstreetmap.org. Masharti yako kwenye ukurasa wa usajili, yasome.

2. Mwenye simu ya Android atumie programu ya StreetComplete. Itakuuliza kuhusu kilicho mbele yako: barabara hii ni ya lami au ya udongo? Mwenye kompyuta atumie iD, programu ya kuhariri iliyomo ndani ya tovuti.

3. Anza na kitu kimoja.

4. Kabla ya kuhifadhi, eleza umefanya nini na umejuaje: "Nimeongeza duka la dawa njia panda ya Segera, nimefika na kuliona." Wapya wengi huiruka hatua hii. Usiiruke.

5. Mchangiaji mwenzako akikuuliza swali, mjibu kwa heshima. Kunyamaza huzidisha shaka.

Usiandike jina la mwenye nyumba wala namba yake ya simu. Taarifa binafsi zinalindwa na sheria ya mwaka 2022.

TUNARUDIA

Usinakili ramani ya mwingine. Usinakili hata jina moja. Kama umeshanakili, ungama mapema kwa wachangiaji wenzako ili wakusaidie kuondoa, kabla wengine hawajajenga juu ya kosa lako.

Hakuna mtu aliye mbali anayeijua Segera kukushinda wewe. Toka nje leo, anza na duka lililo karibu nawe, na uandike ulichokiona.