«Mkataba wa muda» au «mkataba wa kufunga bei»?

Kifaransa husema «contrat à terme»: leo watu wanapatana bei, kiasi na siku, mali inatolewa siku hiyo ikifika. Ndivyo shaba inavyouzwa miezi mitatu mbele katika soko la madini la London, lililoanzishwa 1877. Wengi wetu tunatafsiri «mkataba wa muda». Lakini kitu «cha muda» ni kisichodumu, kama serikali ya muda. Kule Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, mjomba wangu alipatana hivyo na mnunuzi wa samaki, akadhani anaweza kuuacha mkataba wakati wowote. Bei ikapanda, akatoa samaki kwa bei ya zamani. Hakukopa pesa: alifunga bei. Basi tuseme «mkataba wa kufunga bei».