Ukitaka kufunga difu loki ya upepo, anza na wembe

Tangu gari langu lipande kile kilima cha barabara ya Banalia huku madereva wa malori wakinitazama chini ya maturubai yao, simu hainipi usingizi. Kila mwenye Land Cruiser hapa Kisangani anataka kujua nimeweka nini nyuma. Basi naandika mara moja, kila mtu asome, tuachane na simu za saa tano usiku.

Kwa wasioijua njia ile: RN4 inatoka Buta, inapita Banalia, inaingia Kisangani, halafu inashika msitu tena kwenda Bafwasende, Nia-Nia, Komanda na Beni. Kwetu hapa hakuna mwezi unaoweza kuuita kiangazi ukauamini. Mvua ikipiga usiku, asubuhi udongo mwekundu umekuwa potopoto, na lori la kwanza kuzama linawafungia njia wote walio nyuma yake.

Siku hiyo malori yaliyozama yalikuwa mawili. Moja limelala ubavu upande wa kushoto, jingine limekaa katikati ya njia, tope limefika kwenye ekseli. Palipobaki ni ukingo wa kulia, mteremko wa utelezi unaokusukuma mferejini. Vijana wa kijiji walikuwa tayari na majembe na miti, na bei walinitajia kabla sijazima moto. "Papa, peke yako hutoki hapa," mmoja akaniambia, kwa huruma kabisa. Nyuma nilikuwa na chumvi na sabuni za mtu wa Buta, mzigo hadi juu.

Nilishuka nikaikagua njia yote kwa miguu. Nikarudi, nikaweka gia nzito, nikawasha kompresa, nikangoja inyamaze yenyewe, ndipo nikabonyeza swichi ya loki ya nyuma. Gia ya pili, mguu mwepesi, bila kelele. Tairi ya kulia ilikuwa ndani ya maji ya mfereji, ya kushoto juu ya udongo mgumu kidogo, na zote mbili zikawa zinazunguka sawasawa. Gari lilipanda polepole hadi juu kabisa, halikusita hata kidogo. Nilipozima swichi, upepo ukatoka kwa mlio wake, na yule kijana wa huruma akapiga kelele: "Papa, gari inapumua!" Nikampa pesa ya sukre, yaani soda. Miti yake sikuitumia, lakini maneno yake yalinifurahisha.

Sasa niseme kwa nini. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa matairi mawili, na kiasi cha nguvu hiyo kinaamuliwa na tairi isiyo na mshiko. Ile inayoteleza haidai kitu, basi na mwenzake anapewa hichohicho kidogo: moja inazunguka bure, nyingine imesimama. Ukiweka 4x4 bila loki, mara nyingi unapata tu matairi mawili ya kuteleza, moja mbele na moja nyuma. Loki ya upepo ina pistoni ndani ya difu. Upepo unaisukuma, meno yanashikana, shafti mbili zinakuwa kitu kimoja. Ukikata upepo, springi zinarudisha kila kitu mahali pake na gari linakata kona kama zamani.

Loki yenyewe ilinifikia baada ya ugomvi. Nilimwandikia muuzaji mmoja wa Dubai modeli ya gari, mwaka, namba ya shasi, na nikamtumia picha ya shafti ili ahesabu mwenyewe: meno 30. Difu ya nyuma ya Land Cruiser, ile ya inchi 9.5, kuna za meno 30 na kuna za meno 32, na hiyo si siri kwa mtu anayekula kwa kazi hiyo. Akanitumia ya meno 32. Nilipomlalamikia alinirudishia sauti ya WhatsApp akisema fundi wangu "aichonge kidogo". Kuchonga chuma kile! Nilimsumbua mpaka akabadilisha, na nauli ya kuirudisha nikailipa mimi. Kwa hiyo msiniombe namba yake.

Watu wananiuliza pia habari za loki za kuigiza zinazouzwa nusu bei. Maoni yangu ni haya: chuma chao kinaweza kuwa kizuri, sikatai. Kinachonitisha ni mipira midogo ya mviringo inayozuia upepo ndani ya difu. Siku ikichoka utaipata wapi ya kipimo kile? ARB ya Australia, wanaotengeneza loki zenyewe za upepo, waliopo kazini tangu 1975, wanauza mipira hiyo peke yake, swichi peke yake, vali peke yake. Mtu anayeishi mwisho wa mto, mahali ambapo kitu hufika kwa ndege ya Bangoka au kwa boti kutoka Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700, anunue kitu chenye spea. Bei ya dukani ni mwanzo tu.

Haya, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, kutoa difu. Hii mnaijua. Mwaga oili, fungua flanji za magurudumu ya nyuma, gonga kwa shaba ili zile pete za pembe zitoke, vuta shafti, teremsha difu. Ni nzito, usiishike peke yako.

Hatua ya pili, kuhamishia kraun kwenye loki na kupima mchezo wa meno kati yake na pinyoni. Hapa sitakudanganya: kama huna saa ya kupimia, usiguse. Difu hii inataka mchezo wa milimita 0.15 hadi 0.20, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuhisi upana huo. Fundi wangu wa Mangobo ana saa yake, anaitunza ndani ya kopo la biskuti, imevingirishwa kitambaa cha flaneli, na hamwazimi mtu. Mteja mmoja alikuja pale akidai fundi wake wa zamani alikuwa akitikisa kraun kwa vidole na kujua. Mzee hakuinua hata macho. "Shefu," akamwambia, "mkono si saa." Akaendelea kukaza nati ya pembeni nukta kwa nukta, anapima, anapaka rangi kwenye meno, anazungusha, anatazama alama imekaa katikati ya jino au imekimbilia ukingoni, analegeza, anaanza tena. Yule mteja aliondoka. Mimi nilikaa mpaka jioni, na difu yangu haijawahi kulia.

Hatua ya tatu, kutoboa nyumba ya difu ili bomba la shaba la upepo litoke nje. Toboa juu, mbali na kraun, paka grisi kwenye msumari wa dreli ili vumbi la chuma ling'ang'anie hapo, kisha pitisha sumaku. Sasa tufike mahali ambapo loki nyingi za mjini humu zimefia.

Kati ya kompresa na difu kuna mrija wa nailoni, mwembamba, milimita 5. Huo ndio unaobeba kazi yote. Nimeshaona loki za dola nyingi zimekaa bure chini ya gari kwa sababu ya mrija huo, na mwenyewe anasema "kompresa ni mbovu". Kompresa haina kosa. Kosa liko kwenye namna mrija ulivyokatwa.

Mafundi wengi wanakata kwa koleo. Koleo linabana kwanza, ndipo linakata, na mdomo wa mrija unabaki na umbo la yai. Viungo vya kusukumiza vina mpira wa mviringo ndani, nao unataka mdomo wa mviringo. Ukiingiza yai, upepo unapita pembeni. Kidogo sana, husikii chochote, lakini kompresa inaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mpaka inaungua. Tena ukingo wenye makali unaukwaruza ule mpira, na hapo hata ukirekebisha mrija, kiungo kimeshaharibika.

Fanya hivi. Nunua wembe mpya, ule wa kunyolea. Laza mrija juu ya ubao laini, ushikilie kwa kidole, kata kwa mkato mmoja wa wima bila kusaga. Geuza mdomo kuelekea mwanga: uwe duara, usiwe na uzi wala mkwaruzo. Futa, lowesha kwa maji safi, sukuma mpaka ugote, halafu vuta nyuma kidogo usikie meno ya kiungo yamekamata. Ukitaka kuutoa, bonyeza ile pete ya mdomoni sawasawa pande zote, ndipo uvute. Na kila unapoutoa, kata sentimita moja kabla ya kuurudisha, kwa maana meno yameshaacha alama juu yake. Ndiyo sababu unaacha mrija mrefu kuliko unavyohitaji.

Kuupitisha nako ni kazi. Inua bodi kwa jeki mpaka ekseli ining'inie kabisa, ndipo upime urefu. Ukipima gari likiwa chini, siku ekseli ikishuka shimoni mrija utakatika. Ufuate mpira wa breki, ukae mbali na bomba la moshi. Kwa kuukinga na miti inayotandikwa kwenye mashimo, mimi ninauvisha mpira wa ndani wa baiskeli. Mji wa toleka, teksi za baiskeli, hauwezi kukosa mipira ya baiskeli iliyochoka. Ukaombe kwa kwado yeyote, yaani fundi wa matairi, atakupa bure na kukucheka juu yake.

Halafu, nyaya za hatua zinazofuata zikishaungwa, jaribu kabla ya kushangilia. Fanya alfajiri, wakati jenereta za majirani zimelala na vikuza sauti vya kanisa havijaamka, maana kazi hii ni ya masikio. Injini imezimwa, kompresa inajaza mpaka inanyamaza, loki iko wazi, haijafungwa. Ngoja. Ikiwaka tena mapema, uvujaji uko kati ya kompresa na vali inayofungulia loki upepo. Ikikaa kimya, bonyeza swichi ya loki na ungoje tena. Robo saa nzima bila kuwaka, una kazi safi. Ikiwaka sasa, uvujaji uko baada ya vali. Toa mrija kule kwenye difu, uzibe mdomo wake, jaribu tena: ikikaa kimya, pole, ni mipira iliyo ndani na difu inashuka upya. Ikiendelea kuwaka, ni mrija au viungo, na hapo chukua sabuni ya mawese. Iyeyushe ndani ya maji iwe nyepesi, paka kila kiungo kwa brashi, subiri. Povu litakuonyesha kidole. Fundi wangu alikuwa akinicheka kwa sabuni hii mpaka ilipompatia uvujaji ambao masikio yake yaliukosa, kwenye kiungo alichokiapia kwa jina la mama yake. Siku hizi anayo bakuli yake.

Hatua ya nne na ya tano ni nyaya: rilei, fyuzi karibu na betri, swichi za kwenye dashibodi. Karatasi ya kiwandani inaeleza vizuri, na fundi wa umeme yeyote anaijua. Kompresa iweke juu, mbali na maji ya vijito, na mdomo wake wa kuvutia hewa uwe mahali pakavu. Unyevu wetu unaua vali. Oili mpya ya difu, usisahau.

Kuendesha: funga loki kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au linatambaa, kamwe tairi ikiwa inazunguka. Ukifika juu, zima. Kwenye lami ya mjini usiiguse, utavunja shafti. Na kabla ya tope punguza upepo wa matairi, kisha ujaze kwa kompresa hiyohiyo. Hapo utaokoa pesa ya kwado.

Mnaouliza kama mweke na ya mbele: mimi sikuweka. Loki ya mbele inafanya usukani uwe mgumu, na ukiukata mpaka mwisho ukiwa umefunga, viungo vya shafti za mbele vinapasuka, nawe uko kilomita mia kutoka kwa fundi. Pesa hiyo nunua matairi mazuri ya matope, mipira ya akiba ya difu, viungo viwili, mita kadhaa za mrija wa milimita 5, na pakiti ya nyembe. Ule mrija wa milimita 6 wanaouza kwa ajili ya breki za malori hautaingia, hata muuzaji akuapie.