Kwa Nini Daktari Hukupa Dawa Mbili za Presha?

Watu wengi wanaougua shinikizo la juu la damu, yaani presha, hushtuka daktari anapowaongezea dawa ya pili. Wengine hudhani kwamba ugonjwa umewazidia. Wengine hudhani daktari anabahatisha, au anataka kuwamalizia pesa. Basi hujiamulia wenyewe kumeza dawa moja na kuacha nyingine.

Uamuzi huo ni wa hatari, kwa sababu presha haiumi. Huharibu moyo, ubongo, figo na macho kimyakimya, na wengi hutambua siku wanapopooza upande mmoja wa mwili. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Presha hupanda vipi?

Fikiria maji katika nyumba ya ghorofa. Nguvu ya maji hutegemea pampu inayoyasukuma, wingi wa maji yenyewe, na upana wa mabomba. Mwilini pia ni hivyo: moyo ndio pampu, damu ndiyo maji, na mishipa ndiyo mabomba. Presha inaweza kupanda kwa sababu mwili umeweka chumvi na maji mengi, au kwa sababu mishipa imebana. Mara nyingi sababu hizi huwa pamoja.

Dawa moja kwa kawaida hushughulikia njia moja tu. Tena mwili una ujanja wake: ukiupunguzia chumvi na maji kwa dawa, figo huanzisha kemikali zinazobana mishipa ili presha irudi juu. Dawa ya pili huzuia ujanja huo. Ndiyo maana wagonjwa wengi huhitaji dawa mbili au zaidi ili presha ishuke chini ya 140/90.

Kwa nini asiongeze tu kipimo cha dawa ya kwanza?

Hili ni swali zuri. Wataalamu waliojumlisha matokeo ya majaribio mengi mwaka 2009 waligundua kwamba kuongeza dawa ya kundi lingine hushusha presha karibu mara tano zaidi ya kuongeza maradufu kipimo cha dawa ile ile. Isitoshe, kipimo kikubwa huleta madhara zaidi. Kwa mfano, amlodipini ya miligramu 10 huvimbisha miguu kuliko ya miligramu 5. Dawa mbili kwa vipimo vidogo hufanya kazi nzuri kwa usumbufu mdogo.

Makundi yanayotumiwa zaidi

Kundi la kwanza ni dawa za kukojoza, kama haidroklorothiazaidi, ambazo hutoa chumvi na maji ya ziada. Ni heri kuzimeza asubuhi ili usiamke usiku kwenda msalani.

Kundi la pili ni dawa za kulegeza mishipa, kama amlodipini na nifedipini.

Kundi la tatu ni dawa zinazozuia zile kemikali za kubana mishipa. Humo mna enalaprili na perindoprili, ambazo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na pia losartani na telmisartani, ambazo kwa kawaida hazileti kikohozi hicho.

Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, kwa wagonjwa Waafrika 728. Waliopewa amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi, au amlodipini pamoja na perindoprili, presha yao ilishuka zaidi kuliko waliopewa perindoprili na haidroklorothiazaidi bila amlodipini.

Dawa mbili ndani ya tembe moja

Siku hizi kuna tembe moja iliyochanganywa dawa mbili, hata tatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza tembe za aina hii katika orodha yake ya dawa za lazima, na mwaka 2021 likashauri zipendelewe pale mgonjwa anapohitaji dawa zaidi ya moja. Faida yake ni kwamba mgonjwa hasahau kwa urahisi, wala hawezi kuchagua ameze ipi na aache ipi.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Ukibadilishiwa dawa na kupewa tembe iliyochanganywa, uliza ni zipi za zamani unazopaswa kuacha. Kuna wanaoendelea kumeza zote, wakapata kipimo maradufu na kuanguka kwa kizunguzungu. Soma pakiti: ukiona tarakimu mbili kama 50/12.5, au herufi HCT, jua kwamba ndani kuna dawa zaidi ya moja.

Mambo ya kuzingatia

1. Usiache dawa kwa sababu umepimwa ukakuta 120/80. Dawa ndiyo iliyokufikisha hapo.

2. Mama mjamzito, au anayetarajia kupata mimba, amweleze daktari mapema. Dawa za kundi la tatu zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

3. Enalaprili na losartani hazitumiwi pamoja, kwani zinaweza kuharibu figo na kupandisha potasiamu katika damu.

4. Jihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Hupandisha presha, na zikiungana na dawa hizi huumiza figo.

5. Midomo, ulimi au uso ukivimba baada ya kumeza dawa, acha dawa hiyo na ukimbilie hospitali mara moja.

6. Usimpe jirani dawa yako hata kama naye ana presha. Inayokufaa wewe huenda ikamdhuru yeye.

Utakapokwenda kliniki tena, beba dawa zako zote, pamoja na zile ulizojinunulia dukani. Kama pesa hazitoshi, usiache moja kwa siri. Mwambie daktari waziwazi, kwani mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu ya kundi lile lile. Na hata ukimeza dawa, punguza chumvi mezani, tembea kwa miguu, na uache sigara.