Polima Ndani ya Bomba: Somo la Kemia na Mifereji ya Tandale

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa molekuli ndogo nyingi, ziitwazo monoma, zilizoungana mithili ya shanga katika uzi. Mfano unaofahamika zaidi ni polithini, itokanayo na gesi ya ethilini. Katika Kata ya Tandale, Wilaya ya Kinondoni, polithini huonekana kwa sura mbili: ni kifungashio safi cha vifaa vya tiba, na ni taka inayoziba mifereji iendayo Mto Ng'ombe. Somo hili linaeleza namna polima hiyo inavyotengenezwa na jinsi sifa zake zinavyogusa afya ya jamii.

Tatizo la joto

Polithini iligunduliwa mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza. Ugumu ulijitokeza mapema: monoma zinapoungana hutoa joto jingi. Kilo moja ya polithini inapoundwa hutoa takriban kilojuli 3,300, kiasi kinachotosha kuchemsha karibu lita 10 za maji ya bomba. Joto hilo lisipoondolewa, mmenyuko huzidi kasi, na ethilini yenyewe huweza kuvunjika kwa mlipuko.

Joto hutoka kupitia ukuta wa chombo. Pipa lenye kipenyo cha mita 1 lina mita za mraba 4 za ukuta wa pembeni kwa kila mita moja ya ujazo. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 5 lina mita za mraba 80 kwa ujazo uleule, yaani mara 20 zaidi. Ndiyo maana bomba jembamba hupoa upesi kuliko pipa.

Mtiririko usiokatika

Katika njia hii, malighafi huingia upande mmoja wa bomba na polima hutoka upande wa pili bila kusimama. Kwa polithini, bomba huweza kuzidi kilomita 1 kwa urefu, na kanieneo ndani yake hufikia angahewa 2,000 hadi 3,000. Maji hupita nje ya bomba kulipoza. Vianzishi vya mmenyuko, kama oksijeni au peroksaidi, huingizwa katika sehemu kadhaa ili joto lisitoke lote kwa mkupuo. Sehemu tu ya gesi hugeuka polima; iliyosalia hurudishwa mwanzoni.

Faida ya pili ni udhibiti wa muda. Bomba likiwa na ujazo wa lita 10, na mtiririko ukiwa nusu lita kwa sekunde, malighafi hukaa humo kwa wastani wa sekunde 20. Mtiririko ukiongezwa, muda hupungua. Kwa kushika muda, joto na kanieneo, mtengenezaji hupata minyororo yenye urefu unaokaribiana kutoka saa hadi saa.

Jambo hilo lina uzito katika tiba. Nyuzi za kushonea majeraha zitokanazo na asidi ya laktiki huvunjwa na maji ya mwilini. Minyororo mirefu huchukua muda zaidi kuvunjika kuliko mifupi. Urefu ukibadilika ovyo, uzi huweza kulegea kabla jeraha halijafunga.

Kutoka bombani hadi mfereji

Polithini ni tofauti. Uti wake ni kaboni iliyoshikana na kaboni, nao vijidudu vya udongoni huuvunja kwa shida sana. Mfuko wa rambo uliotumika kwa dakika chache hudumu mferejini kwa miaka. Mvua za masika zinaponyesha, mfereji ulioziba hufurika, maji huingia vyooni, na kinyesi husambaa hadi kwenye visima na nyua. Hiyo ni njia mojawapo ya kipindupindu, ugonjwa uliozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuikumba Kinondoni.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini iliruhusu vifungashio vya huduma za afya. Tofauti hiyo ina mantiki ya kikemia: kinga dhidi ya maji na vijidudu ndiyo inayotakiwa kwenye bomba la sindano, na ndiyo inayodhuru mferejini. Kwa hiyo, anayechagua polima hana budi kuuliza maswali mawili pamoja: itafanya kazi kwa muda gani, na itadumu kwa muda gani baada ya kazi hiyo kwisha?