Mwalimu na Swali Asilolitazamia

Wengi hudhani kuwa kazi ya mwalimu ni kusoma yaliyomo katika daftari lake, na kazi ya mwanafunzi ni kunakili. Mwalimu hodari huliandaa somo vema, kisha huwa tayari kuligeuza likizuka swali la maana. Natutazame mfano mmoja wa Tanganyika.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, na kungoja yapoe kabla ya kuyaweka katika friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa chache, naye akayatia yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Baadaye alisoma Mkwawa, Iringa. Siku moja Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alifika kutoa mhadhara. Mpemba akauliza swali lile lile, wenzake wakamcheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, lakini hakumziba mdomo. Aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe kwa maji, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja, na hata leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba.

Wataalamu wangali wakibishana, maana wengine wamejaribu wasilione. Lakini fundisho letu halitegemei ubishi huo. Walimu wote wawili walikuwa na shaka ile ile: mmoja aliitumia kulifunga swali, mwingine aliitumia kuanzisha jaribio.

ZOEZI: Chukua vikopo viwili vya namna moja. Tia maji kwa kipimo sawa, kimoja ya moto, kimoja ya baridi. Viweke pamoja mahali pa kugandishia barafu, uandike dakika zipitazo. Rudia mara tatu. Kisha mweleze mwalimu wako uliyoyaona, hata kama siyo uliyoyatarajia.

Nasi walimu tujizoeze kusema mbele ya darasa bila haya: "Sijui, haya, na tujaribu."